Usipoziba Ufa: Mhandisi wa Maunzi na Mitambo ya Mapanga katika Kajiado

Utangulizi

Wahenga waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa wakimwonya mwenye nyumba. Methali hiyo, hata hivyo, ina makao mengine ambayo wahenga hawakuyaona. Katika mtambo unaozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, ufa usioonekana kwa macho unaweza kukata maji ya mtaa mzima, kuzima umeme au kuangusha ndege. Yuko mtaalamu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuutafuta ufa huo, kuuliza ulizaliwa wapi, na kuhakikisha kwamba mwenzake hazaliwi tena. Huyo ni mhandisi wa maunzi. Makala haya yanaeleza kazi yake katika utengenezaji na utunzaji wa mitambo ya mapanga, na kwa nini elimu yake inawahusu wakazi wa Kitengela na wa Kaunti ya Kajiado kwa jumla.

Msafiri anayetoka Nairobi kwa barabara ya Namanga huupita mji wa Athi River, kisha akaingia Kitengela. Kando ya barabara kuna karakana za jua kali zinazochomelea malango na fremu za madirisha. Nyuma ya nyumba za kupanga husimama matangi ya maji juu ya minara ya chuma, kila tangi likilishwa na kisima kilichochimbwa kwa mashine. Akiendelea mbele hufika Isinya, penye kituo kikubwa cha umeme kinachopokea nyaya kutoka pande nyingi. Magharibi yake, katika nyanda za Kipeto, kuna minara ya upepo ambayo umeme wake huletwa kituoni hapo. Kaskazini-magharibi zaidi ni vilima vya Ngong, navyo vimevikwa taji la minara kama hiyo. Angani, ndege hushuka kuelekea uwanja wa Jomo Kenyatta.

Pampu iliyo kisimani, mnara wa upepo na injini ya ndege ni mitambo ya ukoo mmoja. Yote ina mapanga yaliyopangwa kuuzunguka mhimili, na yote hubadilishana nguvu na kitu kinachotiririka. Pampu huchukua nguvu za mota na kuyapa maji. Turbini hufanya kinyume: hupokea nguvu za upepo, maji, mvuke au gesi ya moto na kuzitia katika mhimili. Injini ya ndege hufanya yote mawili, kwani mapanga ya mbele huishindilia hewa na ya nyuma huzungushwa na moto. Ukoo huu wote utaitwa hapa mitambo ya mapanga.

Maunzi na Mhandisi Wake

Kila kifaa kinapobuniwa, maswali mawili huzuka. La kwanza ni hili: kiwe na umbo gani? La pili: kiundwe kwa kitu gani? Swali la kwanza ni la mhandisi wa mitambo. La pili ndilo la mhandisi wa maunzi. Neno maunzi lina udugu na kitenzi kuunda, na hapa lina maana ya vitu ambavyo kwavyo vitu vingine huundwa: chuma, shaba, kioo, kauri, plastiki, mbao. Wataalamu wa kompyuta nao wamelichukua kutajia sehemu za kompyuta zinazoshikika, lakini matumizi hayo si kizuizi kwa haya. Neno malighafi halitoshi, kwa sababu malighafi ni kitu kabla hakijafanyiwa kazi, ilhali mhandisi huyu hukifuatilia kitu chake tangu kingali tanurini hadi siku kinapotupwa jaani.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba sifa njema za maunzi hugombana. Kioo ni kigumu kuliko ngozi, lakini kikianguka sakafuni huvunjika, na ngozi haidhuriki. Chuma kilichofanywa kigumu sana hushikilia makali lakini hukatika ghafla kikigongwa. Kilichofanywa laini huvumilia dharuba lakini hupinda. Mhunzi wa zamani aliufahamu ugomvi huu alipokichovya chuma chekundu majini ili kikae kigumu, kisha akakipasha moto kidogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Kiwanda cha leo hufanya vivyo hivyo, ila kwa tanuri inayopimwa joto na kwa saa inayohesabu dakika.

Mapanga ya mitambo yana maadui wakuu wanne: kulika, kutu, uchovu na kutambaa. Wawili wa kwanza hukaa kisimani. Wa tatu huishi juu ya mnara wa upepo. Wa nne makao yake ni motoni.

Kulika na Kutu: Pampu ya Kisima

Kajiado ni nchi kavu, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka chini ya ardhi. Pampu inayozamishwa ndani ya kisima ni silinda nyembamba yenye mota upande wa chini. Juu ya mota kuna magurudumu madogo ya mapanga, moja juu ya jingine, na kila moja huyaongezea maji shinikizo kabla ya kuyapokeza kwa la juu yake. Kwa umeme wa Kenya, mota ya aina hii kwa kawaida huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, yaani mara 48 kwa kila sekunde.

Katika mwendo huo, chembe ya mchanga si kitu kidogo. Kisima kisichochujwa vyema huingiza mchanga, na mchanga huyasugua mapanga kama msasa hadi yakawa membamba. Pampu huendelea kunguruma, lakini maji yanayofika tangini hupungua. Mwenye kisima hulaumu umeme au ukame, kumbe mapanga yamekwisha.

Msimu wa kiangazi huleta jambo jingine. Kina cha maji kisimani kinaposhuka, shinikizo kwenye mlango wa pampu hupungua mno. Maji yaliyopunguziwa shinikizo huweza kuchemka hata yakiwa baridi, yakatoa mapovu madogo ya mvuke. Mapovu hayo yakisukumwa hadi penye shinikizo kubwa hupasukia ndani, na kila moja huupiga uso wa chuma pigo dogo kama la nyundo. Pigo moja si kitu. Mapigo yasiyohesabika kwa wiki kadhaa hukitoboatoboa chuma, na fundi anayeivuta pampu juu hukuta mapanga yaliyo kama mbao iliyoliwa na mchwa.

Adui wa pili ni kutu. Magurudumu ya pampu nyingi hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho siri yake ni kromi. Chuma kikiwa na kromi isiyopungua takriban asilimia 10.5, hujifunika kwa utando mwembamba sana wa oksidi. Utando huo ukikwaruzwa hujiponya wenyewe maadamu oksijeni ipo. Hata hivyo, maji yenye chumvi za kloraidi huweza kuutoboa, na pale ulipotobolewa kutu huchimba kwenda chini badala ya kutambaa juu. Uso wa chuma hubaki uking'aa, na chini yake mna pango.

Hapa ndipo fundi na mhandisi wanapokutana. Chuma hiki kinapochomelewa, sehemu iliyo kando ya mshono hupata joto la kati, kama nyuzi 450 hadi 850 za selisiasi. Ikikaa katika joto hilo, kromi iliyo jirani na mipaka ya chembe za chuma huungana na kaboni, na mipaka hiyo hubaki bila ulinzi. Mshono hutoka mzuri, fundi hulipwa, pampu hurudishwa kisimani, na baada ya muda chuma hukatika kando ya mshono, wala si juu yake. Fundi husema chuma kilikuwa kibovu, na mteja husema fundi alikuwa mbovu. Ukweli ni kwamba chuma kilikuwa kizuri na mkono ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni habari: kwamba kwa kazi hiyo huchaguliwa chuma chenye kaboni kidogo sana, hutumiwa vijiti vya kuchomelea vya aina hiyohiyo, na joto hupunguzwa kwa kuchomelea vipande vifupi vifupi.

Habari hiyo ina thamani inayopita bei ya kijiti. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo mingi, na kisima chenye pampu nzima kilikuwa tofauti ya kundi lililobaki na kundi lililokwisha. Pampu inapokwama wakati kama huo, hasara haipimwi kwa uzito wa chuma.

Uchovu: Minara ya Ngong na Kipeto

Minara ya kwanza ya upepo ilisimamishwa Ngong mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2009 kampuni ya KenGen ilianza kuzalisha huko megawati 5.1 kwa turbini 6 mpya, kila moja ikiwa na duara la mapanga lenye kipenyo cha mita 52. Upanuzi uliofuata ulifikisha uwezo wa Ngong megawati 25.5. Kipeto nako, turbini 60 zilianza kuuza umeme rasmi mwaka 2021, zikiwa na uwezo wa takriban megawati 100. Kipenyo cha duara la mapanga yake ni mita 103, yaani lingefunika uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli.

Wengi huyadhania mapanga hayo kuwa ya chuma. La hasha. Chuma kingekuwa kizito mno. Yameundwa kwa nyuzi za kioo zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu ya resini, na ndani yake huwekwa mbao nyepesi au povu lililokaushwa. Uzi mwembamba wa kioo una nguvu nyingi za kustahimili kuvutwa, kwa sababu katika wembamba wake hamna nafasi ya ufa mkubwa kujificha. Gundi nayo huzigawia nyuzi mzigo, hivi kwamba mmoja ukikatika jirani zake huupokea. Ni ule umoja unaosifiwa katika methali, ila hapa umefanywa kanuni ya uhandisi.

Kioo si kigeni Kajiado. Ziwa Magadi, lililo katika kaunti hiyohiyo, limetoa magadi ya viwandani tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na magadi ni kiungo kikuu cha kioo cha chupa na madirisha. Mchanga mtupu huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,700 ili uyeyuke, na magadi hulipunguza joto hilo kwa mamia ya nyuzi. Ukingoni mwa Mbuga ya Nairobi, karakana ya Kitengela Hot Glass huyeyusha vioo vikuukuu na kuvipuliza kuwa bilauri na mapambo. Lakini kioo cha panga la upepo ni kingine. Sodiamu inayorahisisha kuyeyuka ndiyo hiyohiyo inayokidhoofisha kioo mbele ya unyevu, na uzi mwembamba una uso mkubwa wa kushambuliwa. Kwa hiyo kioo cha nyuzi hizo hutengenezwa bila sodiamu, au kwa kiasi kidogo mno, japo gharama ya moto hupanda. Jina ni moja, kazi ni mbili, na mapishi ni mawili. Kuujua mpaka huo ndiko kuwa mhandisi wa maunzi.

Adui mkuu wa mnara wa upepo ni uchovu. Mtoto anayetaka kukata waya bila koleo huukunja huku na huku. Hakuna mkunjo hata mmoja wenye nguvu za kuukata, lakini hatimaye hukatika. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Panga la upepo linapopanda, uzito wake hulivuta upande mmoja, na linaposhuka hulivuta upande wa pili. Mnara ukizunguka mara 20 kwa dakika, hiyo ni mikunjo 28,800 kwa siku, au zaidi ya milioni 10 kwa mwaka kama upepo haukomi. Mtambo hutarajiwa kuishi kwa takriban miaka 20. Mhandisi hana budi kuvijaribu vipande vya maunzi katika mashine za kuvikunja na kuvinyoosha mfululizo, ili ajue mapema ni mikunjo mingapi italeta ufa wa kwanza.

Ulimwengu uliujifunza uchovu huu kwa gharama kubwa, na Afrika Mashariki ilikuwa njiani mwa somo hilo. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet ilianza safari ya kwanza ya abiria kwa injini za jeti, kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe. Mwaka 1954 ndege mbili za aina hiyo zilivunjika angani karibu na Italia, moja Januari na nyingine Aprili. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, waliitumbukiza ndege nyingine ndani ya tangi la maji, wakaijaza shinikizo na kulipunguza tena na tena hadi ubavu wake ulipopasuka. Ilibainika kwamba nyufa zilianzia kwenye pembe za nafasi zilizokatwa katika bati lake, mahali mkazo ulipokusanyika. Tangu hapo pembe za madirisha ya ndege huviringwa, na kila mhandisi hufunzwa kuiogopa pembe kali.

Kutambaa: Panga Lililomo Motoni

Mshumaa ukiegemezwa ukutani katika joto la Mombasa, utakutwa umepinda baada ya siku chache ingawa hakuna aliyeugusa. Uzito wake mwenyewe na joto vimeufanya utambae. Metali nayo hutambaa ikikaribia joto la kuyeyuka huku ikivutwa. Ndani ya injini ya kisasa ya ndege, gesi inayoyagonga mapanga ya kwanza ya turbini hupita nyuzi 1,500, ilhali aloi ya nikeli iliyoyaunda huyeyuka kabla ya kufikia joto hilo. Wakati huohuo, mzunguko hulivuta kila panga kwenda nje kwa nguvu ya tani kadhaa. Panga likirefuka hata kidogo, litakwangua ukuta wa injini.

Swali la kiini ni hili: kitu kilichomo katika joto linalokiyeyusha kinawezaje kudumu kwa maelfu ya saa? Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, panga huwa na vijitundu vinavyopitisha hewa isiyo moto sana, ikalipoza ndani na kulifunika nje. Pili, hupakwa utando mwembamba wa kauri unaozuia joto. Tatu, na hapa ndipo penye ufundi mkubwa, panga zima hukuzwa kama fuwele moja. Metali ya kawaida ni mkusanyiko wa chembe nyingi, na katika joto kali chembe hizo huteleza mipakani mwake. Wahandisi waliona kwamba dawa ni kuiondoa mipaka yenyewe. Umbo la panga huchongwa kwa nta, likafunikwa kwa udongo wa kauri, kisha nta ikayeyushwa na kutoka, na metali ikamiminwa mahali pake. Kalibu hiyo huvutwa polepole kutoka tanurini ili metali igande kutoka upande mmoja. Njia iliyopindapinda chini ya kalibu huruhusu chembe moja tu kupita na kukua hadi kuwa panga. Kusubu kwa nta si uzushi wa jana, kwani wasubu wa Ife na Benin katika Nigeria walikutumia karne nyingi zilizopita.

Pamoja na ustadi wote huo, kosa dogo halisamehewi. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 iliyobeba watu 296 ilipoteza uwezo wa kuongozwa juu ya jimbo la Iowa, Marekani, baada ya diski ya mapanga ya mbele ya injini ya nyuma kupasuka. Marubani waliishusha Sioux City kwa kucheza na nguvu za injini mbili zilizobaki. Zaidi ya watu 180 walinusurika, na zaidi ya 110 wakafa. Vipande vya diski, ambayo ilitengenezwa mapema katika miaka ya 1970, vilipatikana mashambani miezi kadhaa baadaye. Wachunguzi walikuta kwamba titani yake ilikuwa na doa gumu lililoingia wakati wa kuyeyushwa. Katika doa hilo ufa mdogo ulizaliwa, ukakua kwa kila safari kwa miaka 17 hivi, na ukaguzi wa karakanani haukuugundua. Somo lake ni kwamba mtambo hauna kumbukumbu fupi. Uzembe wa saa moja tanurini unaweza kungoja miaka mingi ili udai malipo yake.

Mhandisi Kazini

Katika kiwanda cha mitambo ya mapanga, siku ya mhandisi wa maunzi huanza kwa karatasi. Kila gogo la metali hufika likiwa na hati inayoeleza viungo vyake na tanuri lilikotoka. Mhandisi haiamini hati hiyo mpaka aithibitishe. Hukata sampuli, akaivuta kwa mashine hadi ikatike, akapima ugumu wake, akaisugua mpaka iwe kama kioo cha kujitazamia, kisha akaichunguza kwa hadubini. Huandika masharti ya joto na muda wa kuikaanga na kuipoza. Sehemu iliyokamilika hupakwa rangi inayopenya nyufani, ikafutwa, ikanyunyiziwa unga mweupe, na penye ufa rangi hujitokeza kama mstari mwekundu. Penye ufa uliojificha ndani, hutumwa mawimbi ya sauti au miali ya eksirei.

Sehemu inapovunjika kazini, yeye ndiye huusoma mwili wake. Uso uliokatwa na uchovu huwa na mistari iliyopangana kama ile inayoachwa mchangani na maji ya bahari yanapokupwa. Akiifuata mistari hiyo nyumanyuma hufika mahali ufa ulipozaliwa: mkwaruzo, shimo la kutu, au herufi iliyogongwa na mfanyakazi aliyetaka kuweka alama.

Hata hivyo, chombo chake kizito kuliko vyote ni neno hapana. Meneja anataka mzigo uondoke Ijumaa. Sehemu ni nzuri kwa macho, na kipimo kimoja tu kimepungua kidogo. Akikataa, kiwanda kitapata hasara leo. Akikubali, huenda hapatatokea lolote kwa miaka 17. Hakuna atakayemshukuru kwa ajali ambayo haikutokea.

Wahunzi, Mafundi na Lugha Yao

Elimu ya chuma haikuingia Kajiado kwa barabara ya lami. Wamaasai walikuwa na wahunzi wao, Ilkunono, waliofua mikuki na sime. Jamii iliwahitaji, na papo hapo ikawatenga, kwani wengine hawakuoa kwao. Moran aliyeringia mkuki wake hakumpa heshima hiyo aliyeufua. Dharau hiyo haijafa. Imebadilisha nguo tu. Kijana anayechomelea kando ya barabara ya Namanga huhesabiwa kuwa aliyeshindwa na masomo, ilhali nyumba, magari na visima vya wanaomdharau husimama kwa kazi ya mikono yake.

Wala si kweli kwamba mitambo ya mapanga haiwezi kuundwa nchini. Kampuni ya Bobs Harries Engineering ya Thika ilitengeneza pampu za upepo za chuma zilizosimamishwa katika maeneo makavu ya Kenya, na ikaziita Kijito. Jina hilo la Kiswahili halikuuzuia mtambo kufanya kazi. Jambo lililofanikisha ubunifu huo ni kuchagua maunzi ambayo fundi wa hapa angeweza kuyapata, kuyakata na kuyarekebisha. Turbini za Ngong na Kipeto ziliagizwa kutoka ng'ambo na kufika kwa meli, lakini nyufa zake zitazaliwa papa hapa, katika vumbi, jua na radi za hapa. Kuagiza mtambo bila kuagiza elimu ya maunzi yake ni kununua ng'ombe bila kujua anachokula.

Pengo lililopo ni la lugha pia. Mhandisi hufundishwa chuo kikuu kwa Kiingereza. Fundi hujifunza kwa Kiswahili, kwa jicho na kwa sikio: pampu imekufa, beringi imelika, chuma kimechoka. Ajabu ni kwamba fundi asemapo chuma kimechoka, anatamka istilahi ileile ya kitaalamu, uchovu wa metali, bila kujua kwamba amesema sayansi. Mhandisi naye hana neno la kumweleza kwa nini chuma kisichoshika kutu kimeshika kutu kando ya mshono. Kila mmoja ana nusu ya elimu, na kisima kinakufa katikati yao. Wanafunzi wa Kiswahili wanaodhani kwamba istilahi ni kazi ya kujaza kamusi hawana budi kuutazama mshono huo. Neno linalokosekana hapo lina gharama ya maji.

Hitimisho

Kulika, kutu, uchovu na kutambaa ni majina manne ya jambo moja: uharibifu mdogo unaorudiwa hadi ukawa mkubwa. Mhandisi wa maunzi hana uwezo wa kuuzuia milele. Anachoweza ni kuujua, kuupima na kuuwahi. Kwa kamati ya kisima cha Kitengela au cha kijiji chochote cha Kajiado, hatua ya kwanza haihitaji hadubini wala shahada. Yatosha daftari moja linaloandikwa tarehe pampu iliposhushwa, kina cha maji kila mwezi, muda wa kujaza tangi, sauti mpya inaposikika, sehemu iliyobadilishwa na aina ya chuma kilichotumiwa. Tangi lililokuwa likijaa kwa saa tatu likianza kujaa kwa saa nne, huo ni ufa, na bado unazibika. Na daftari hilo liandikwe kwa lugha ambayo mwenye kisima, fundi na mhandisi wote watatu wanaweza kuisoma.